Subiri Ukungu Upite

Kituoni, 9 Aprili

Kimulimuli mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini ungeniamkia kama ungekuwa hapa na ukakumbuka. Sisi wazima. Baba yako mguu umepoa, mdomo ndio haujapoa. Juzi amegombana na daktari wa meno kwa sababu aliambiwa apanue kinywa, yeye akadhani anaamrishwa. Huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja na sina la kumfanya. Mke wako msalimie, na mtoto mwambie bibi yake wa mlimani anamdai picha.

Barua hii naituma kwa dereva wa gari la dawa. Simu ya huku ni ile ile: mnara ulioangushwa na maporomoko haujainuliwa, na ukitaka kuongea lazima upande hadi kwenye matangi ya maji. Ukifika huko unahema na umeshasahau ulichotaka kusema.

Sasa mtambo wako. Unafanya kazi. Kioo ulichokifunga juu ya paa la kituo chetu cha afya na mwenzake aliye juu ya paa la hospitali wanatazamana kutwa juu ya bonde kama wachumba waliokatazwa kukaribiana. Juzi tumepiga picha kidonda cha mzee mmoja tukaipeleka kwa mwanga unaoruka kutoka kioo hadi kioo, na kabla chai yangu haijapoa daktari wa ng'ambo ya bonde ameshaniandikia dawa ya kumpa. Miaka yote niliyokaa hapa jibu la namna hiyo lilikuja na gari la dawa, wiki ya pili, mara nyingine mgonjwa akiwa ameshazikwa. Wahudumu wangu wanasema mtambo umeletwa na serikali. Mimi nawaambia umeletwa na mtoto niliyemfuta kamasi.

Kinyozi wetu wa upande wa pili wa barabara, yule aliyekunyoa mara ya kwanza ukalia mpaka ukatapika, anakusalimu. Anauliza kama mwanga huo unaweza kupeleka na wateja.

Nina swali moja tu. Asubuhi nyingine ukungu ukilala bondeni taa ya mtambo inaacha kijani inawaka nyekundu, na hakuna kinachopita. Nifanye nini?

Shangazi yako


Mjini, 2 Mei

Shikamoo Shangazi,

Haya, nimekuamkia kwa maandishi, usiwaambie watu sina adabu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa mji mwingine juu ya mapaa ya watu, na niliporudi nikakuta barua yako chini ya nepi. Mtoto ameota jino la kwanza na amelijaribia kwenye kidole changu. Mama yake anasema asante kwa kitambaa. Baba nimeongea naye, anasisitiza kwamba daktari wa meno ndiye aliyeanza.

Taa nyekundu isikutishe. Mwanga wa mtambo hauonekani kwa macho, lakini tabia yake ni ya mwanga wa tochi, na unajua tochi inavyopotea kwenye ukungu. Ukungu ni vitone vidogo mno vya maji, na kila kitone kinaunyofoa mwanga kidogo kinautupa pembeni, mpaka ng'ambo hakifiki kitu. Ajabu ni kwamba mvua kubwa haitusumbui hivyo. Matone yake ni manene na yameachana, mwanga unapenya katikati. Jua kali nalo linafanya hewa inayopanda kutoka kwenye mabati iutetemeshe mwanga, ila mtambo unavumilia. Adui yetu hasa ni ukungu, na ukungu si mkazi, ni mpita njia. Taa ikiwa nyekundu, subiri ukungu upite. Usibonyeze kitu, usimtume mtu popote, subiri tu, itakuwa kijani yenyewe.

Tumepima, Shangazi. Ukichukua mwaka mzima, mwanga utapita asilimia tisini na tisa ya muda wote. Hakuna gari, hakuna simu, hakuna hata mume wa mtu anayepatikana kwa kiwango hicho. Ndiyo maana nilimwambia mkuu wangu hatuna haja ya kuweka pembeni yake redio ya akiba ya kupitisha picha wakati wa ukungu, akafurahi sana. Kituo chako ndicho cha kwanza. Kikienda vizuri hadi mwisho wa mwaka tutafunga kwenye vituo vyote vya mgongo wa mlima, na wamenidokeza kwamba msimamizi nitakuwa mimi. Hata shule yenu ya huko juu tumeifungia mtambo wa majaribio, nao unatazama paa lile lile la hospitali.

Mwambie kinyozi mwanga haupeleki wateja, lakini naweza kumtumia picha ya kichwa nilichobaki nacho baada ya mikono yake.

Mwanao


Kituoni, 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Meno yamefika mangapi? Huku baridi imeanza, magoti yangu yalijua kabla yake. Barabara wanaichonga upya. Tingatinga linanguruma chini ya kituo toka asubuhi hadi jioni, na vumbi lake limeingia mpaka kwenye chumvi. Yule mhudumu wangu mdogo amechumbiwa. Kazi hafanyi tena, anajitazama kwenye kioo cha kabati la dawa.

Nazunguka tu, niseme. Kinyozi ameanguka. Jumatatu asubuhi alipanda ngazi kupigilia bati la kibanda chake, ngazi ikateleza, akafikia kichwa. Walimleta akitembea mwenyewe, anatania, anasema bati limemnyoa. Baada ya muda mfupi akaanza kurudia neno moja, halafu mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya lenzake. Nilijua ni damu ndani ya kichwa. Nilijua pia kwamba gari la wagonjwa liko ng'ambo na halitoki kwa simu, mpaka daktari wa kule aone picha na aseme ndiyo.

Taa ilikuwa nyekundu. Tulisubiri. Ilipokuwa kijani tulituma picha za macho yake, na gari likaja mbio likamchukua. Wamempasua, yu hai, mshukuru Mungu. Ila mkono wa kulia haumtii, na mguu anauburuta. Daktari ameniambia angefika mapema labda ingekuwa vingine. Alisema labda.

Watu wanasema ni ukungu.

Usimwambie baba yako, atakuja kupiga kelele wodini.

Shangazi


Mjini, 5 Julai

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima, meno yamekuwa mawili. Nimeshindwa kuandika zaidi ya hapo kuhusu uzima wetu, unisamehe.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara nafikia pale pale. Nataka nikueleze kitu ambacho hata mke wangu sijamweleza vizuri. Ile asilimia tisini na tisa niliipima miezi mitatu ya jua. Fomu ya kazi ilitaka miezi mitatu, mimi nikapima miezi mitatu, nikazidisha mpaka ukawa mwaka. Mtu mwingine angefanya hivyo tungesema hajui. Mimi nimekulia ndani ya ukungu huo, Shangazi. Nilikuwa naenda shule nimeshika shati la mwenzangu nisipotee. Nilijua ukungu wa kwenu unakuja mwezi gani na unaondoka saa ngapi, na sikutaka kujua.

Halafu kuna ubaya mwingine wa hesabu ile. Hata ingekuwa kweli, ile asilimia moja inayobaki haijasambaa mwaka mzima kidogo kidogo. Imelundikana. Ukimwambia mtu atalala njaa siku chache tu kwa mwaka anaona si neno. Hajui kwamba siku hizo zitafuatana, na ndizo siku atakazokuwa mgonjwa. Asubuhi za baridi watu wanateleza, watoto wanabanwa na kifua, na asubuhi hizo hizo ndizo mwanga wangu haupo.

Kamati imeundwa kuchunguza. Nitaitwa. Naomba unisaidie jambo moja. Asubuhi ile, kabla taa haijawa kijani, ulikuwa unauona ukuta mweupe wa hospitali? Kwa macho tu. Ndivyo sisi mafundi tunavyokadiria ukungu: ukiona ukuta wa upande wa pili, mwanga ulipaswa kupita. Ukisema hukuuona nitajua ukungu ulikuwa mzito kiasi gani, na nitajua nimemkosea kinyozi kiasi gani.

Mwanao


Kituoni, 1 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Marahaba sana. Baba yako ameshajua, nilikwambia usimwambie na najua hukumwambia, mji una midomo. Alikuja na fimbo na ndizi, akakaa na kinyozi mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakugombana na mtu.

Kinyozi amerudi nyumbani. Anajifunza kushika wembe kwa mkono wa kushoto. Ananiambia, "Kinyozi hajinyoi, mama, na sasa hanyoi hata wengine." Anacheka nusu ya uso. Kila asubuhi nikipita anapaza sauti kunisalimu, anawaambia walio naye kwamba huyu mama ndiye aliyenirudisha duniani, alinishika mkono hakuniacha. Mkewe ananiletea mayai. Nimemwambia aache, anasema nikiyakataa nitakuwa nimemtukana. Nimeanza kupitia njia ya nyuma, ya matope.

Swali lako la ukuta, mwanangu, siku ile nilikuwa namtazama mgonjwa, sikuwa natazama kuta. Na macho yangu unayajua.

Usijitwishe mzigo peke yako. Kuna mengi yalitokea asubuhi ile. Kula, lala, mwogeshe mtoto. Hao wa kamati nao ni watu, wana shangazi zao.

Shangazi yako


Mjini, 28 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Natumaini magoti yamepoa. Mtoto anatambaa, amegundua mlango.

Nilisimama mbele ya kamati wiki iliyopita. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kitaalamu, lakini mwenyekiti aliniuliza kitu kimoja tu, kama nilijua kwamba milima ile ina ukungu. Nikasema nilijua. Akaniuliza kwa nini basi hakukuwa na redio ya akiba. Nikasema nilisema haihitajiki. Baada ya hapo hawakuwa na la kuniuliza. Nilihisi nafuu kidogo, nakuambia ukweli, maana kwa wiki nyingi nilikuwa nangoja mtu anilaumu kwa sauti.

Wamenitoa kwenye ufundi. Niko ghalani, nawapa mafundi wengine waya na bolti, wanaopita wananipa pole kama nimefiwa. Mpango wa vituo vya mlima umesimamishwa wote. Mtambo wako watakuja kuung'oa mwisho wa Oktoba, na mtarudia kungoja majibu kwa gari la dawa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ghala. Yule mzee wa kidonda, na wengine baada yake, nimewanyang'anya kwa sababu ya haraka yangu.

Kuna jambo nimeambiwa na fundi mwenzangu, sijui nilielewe vipi. Mtambo wa shule yenu Jumatatu ile ulikuwa kijani asubuhi nzima. Unatazama paa lile lile, unavuka bonde lile lile. Labda ukungu ulikaa upande wenu tu. Nimejaribu kuchora bonde kwenye karatasi na sipati upepo wa kuuweka ukungu hapo na usiuweke kule.

Sikuulizi tena kuhusu ukuta.

Mwanao


Kituoni, 19 Septemba

Kimulimuli,

Gari la dawa lilikuja mara mbili sikukujibu. Nilimwona dereva, nikajifungia na mgonjwa ambaye hakuwa na ugonjwa.

Ukuta niliuona. Niliuona wote, na madirisha yake, na nguo za wagonjwa zilizoanikwa. Ukungu ulikuwepo lakini chini kabisa, mtoni.

Jumamosi ya kabla yake tingatinga lilitimua vumbi siku nzima, nikakionea huruma kioo chako. Nilikuwa nimekishonea mfuko kwa gauni langu la zamani la kazi, wenye kamba ya kukaza. Nikapanda paani mwenyewe na magoti haya, nikakivalisha. Nilifurahi, ndivyo nilivyokuwa nakufunika na wewe ukiwa mdogo. Niliazimia kuutoa Jumatatu mapema. Jumatatu ndiyo akaletwa kinyozi.

Taa nyekundu, nikatazama bondeni, nikaona ukungu kidogo, nikasema ndio huo. Mmoja wa waliomleta, dereva wa pikipiki, aliwasha injini kabisa. Akasema, "Mama, nishuke hospitali na picha niwaonyeshe?" Nikamwambia zima, subiri ukungu upite. Alinitii kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa kituo. Kisha hata ule kidogo ukaisha, jua likawaka, na taa bado nyekundu. Nilikumbuka mfuko nikiwa nimemshika mkono. Niliwaambia wahudumu natoka kidogo, nikazunguka nyuma, nikapanda, nikauvuta mfuko nikauficha ndani ya sweta. Niliposhuka wahudumu walikuwa wanapiga makofi kwamba ukungu umepita. Sikuwasahihisha.

Siku ya kwanza nilinyamaza kwa woga. Siku ya pili nilinyamaza kwa sababu ya siku ya kwanza. Halafu ikaja barua yako ya kujilaumu, na hapa nataka nikuandikie wazo langu kama lilivyokuja, bila kulipaka mafuta. Nilisema: huyu kijana ana elimu, atapata kazi nyingine, mimi nimebakiza muda mfupi nistaafu kwa heshima, watu wanipe shuka na kuniimbia. Nililiwaza hilo juu yako wewe. Nimekulea tangu mama yako alipokufa, nikakuacha usimame peke yako mbele ya watu kwa kosa langu, na jioni yake nikala vizuri.

Sijui nikuombe nini. Sikuombi kitu.

Shangazi


Mjini, 4 Oktoba

Shangazi,

Leo sina salamu.

Barua yako nimeisoma ghalani. Mtu alikuja kuomba bolti nikampa waya, akaniangalia akaondoka na waya.

Usiku mke wangu huniamsha kwa sababu nasaga meno. Ananiuliza ni nini, namwambia ni kinyozi. Nimekuwa namwota ananinyoa kwa mkono wa kushoto. Na miezi yote hiyo wewe ulikuwa unaniandikia habari za mayai na baba na magoti. Nilikuuliza ukuta, ukaniambia macho yako. Macho yako yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani, nimekuona. Ulikuwa unanichapa kwa mti wa fagio nikisema uongo juu ya sukari. Sukari, Shangazi.

Sitaki kuandika zaidi.


11 Oktoba

Sikuituma ile ya juu. Nimeamua iende pamoja na hii, uisome, maana nilikuwa na haki ya kuiandika.

Nimekuwa nikifikiria mtambo. Una taa moja nyekundu. Ukungu, nyekundu. Mfuko wa gauni, nyekundu. Ndege akijenga kiota mbele ya kioo, nyekundu. Mtambo wenyewe haujui kilichouzuia, unajua tu kwamba mwanga haujafika. Mimi nilijua hivyo siku naufunga. Lakini ulipouliza ufanye nini, sikukuambia kwamba nyekundu ina maana nyingi, na kwamba ukiona ukuta na taa ni nyekundu basi ukague kioo. Nilitaka mtambo uonekane hauna matatizo. Nilikuambia nyekundu ni ukungu, na ukungu unasubiriwa. Nilikwambia usimtume mtu popote. Kwa hiyo mfuko ni wako, lakini "subiri" ni yangu, na yule dereva alizima injini kwa neno langu lililopita mdomoni mwako.

Na ingekuwepo redio, ungeita gari huku mfuko ukiwa umevaliwa na kioo hadi leo.

Sikuambii kwamba nimekusamehe. Sijui kama nimekusamehe. Asubuhi naamka nimekukumbuka, mchana nimekasirika tena. Kamati sitaiambia kitu. Usidhani ni huruma; maneno hayo si yangu kuyasema. Na kinyozi ni wako kwanza kumwendea, halafu ni wangu.

Watakuja kung'oa mtambo mwisho wa mwezi.

Mwanao


Kituoni, 6 Novemba

Mwanangu, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Zote mbili nimezipata. Ile ya kwanza ulifanya vizuri kuituma.

Nilishuka hospitali kwa gari la dawa, nimekaa juu ya maboksi. Nilimwomba mwenyekiti wa kamati anisikilize, akasema uchunguzi umefungwa. Nikatoa ule mfuko kwenye mkoba nikauweka mezani. Aliushika, akauangalia mshono wake, akauliza nani ameshona. Nilisema kila kitu, na la dereva wa pikipiki, na la makofi. Nikasema na lako, kwamba uliniambia nisubiri na kwamba redio uliikataa, kwa sababu uliniandikia hivyo na sikutaka kuanza uongo mwingine kwa jina la kukulinda. Aliukunja mfuko. Akasema, laiti ningekuja Julai.

Wamenitoa ukubwa wa kituo. Mhudumu mdogo ndiye mkubwa sasa, mpaka mwisho wa mwaka namsaidia kufunga vidonda, na kusema kweli anajua kazi, kioo cha kabati hakikumdhuru. Shuka na nyimbo hakuna. Mtambo hauondolewi. Watauwekea redio ya akiba na taa ya pili itakayowaka kama kioo kimezibwa, hilo la taa wamelitoa kwenye maneno yako niliyowasomea. Wanasema utarudishwa kwenye ufundi, si usimamizi, na kazi ya kwanza ni hii ya kwetu. Barua yao itakuwa imeshakufikia.

Niliporudi nilikwenda kwa kinyozi siku hiyo hiyo, kabla sijavua viatu. Nilijua nikikaa sitasimama. Alikuwa mlangoni amebana puto kati ya magoti, amelipaka povu la sabuni, analinyoa kwa mkono wa kushoto. Ndivyo anavyojifunza. Puto likipasuka anaanza lingine. Mkewe alikuwa ndani na mlango wazi, kwa hiyo aliyasikia yote.

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilipofika pale pa kuficha mfuko kwenye sweta, aliweka wembe chini.

"Uliposhuka kutoka paani," akaniuliza, "ulikuwa umeshajua?"

"Nilijua."

"Na nilipokuwa nakushukuru mbele ya watu?"

"Nilijua."

"Na mayai ulikula?"

Nikasema nilikula. Mkewe alitoka, akanitazama, akaingia tena ndani. Kinyozi alijaribu kulishika puto kwa mkono wa kulia, likamponyoka, povu likamchafua. Nilitaka kumfuta. Akasema, "Usiniguse, mama. Nenda. Nikiweza nitakuita."

Hajaniita. Nimerudi kupita njia ya mbele, napita polepole, ananiona. Hanisalimu, na watu waliokaa naye hawanisalimu. Inaniuma sana, mwanangu, lakini naweza kuistahimili. Zile salamu zake ndizo nilizokuwa nashindwa.

Niliposema jina lako hakusema kitu, wala zuri wala baya. Kwa hiyo sijui kilicho moyoni mwake, na sikutungii jibu. Gari litakuleta asubuhi, na kitanda chako nimekitandika, lakini usije moja kwa moja. Shuka na mzigo wako, vuka barabara. Pita kwake kwanza.

Shangazi yako